Uzamili wa elimu ya watu wazima Uganda: Makerere, Kyambogo, UMI au nje ya nchi?

Anayetaka uzamili ili afundishe watu wazima Uganda kwa kawaida huuliza chuo kipi ni bora. Mimi humrudisha nyuma kidogo: mshahara wako ungependa utoke wapi? Huenda likasikika kama swali la tamaa, lakini ndilo linalopanga mengine yote. Kwetu, kazi ya kumfundisha mtu mzima imegawanyika pande tatu, na kila upande una waajiri wake, masharti yake na shahada inayopewa uzito.

Upande wa kwanza ni kisomo, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma, kuandika na kuhesabu, na maendeleo ya jamii. Wengi hudhani kisomo kiko chini ya Wizara ya Elimu na Michezo. Hakiko. Kiko Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Mpango wa kisomo uliojulikana kwa herufi FAL (Functional Adult Literacy) ulianza kwa majaribio mwaka 1992 katika wilaya nane chini ya wizara hiyo. Mrithi wake, ICOLEW, unaounganisha kusoma na kuhesabu, ujuzi wa kujipatia riziki na vikundi vya kuweka na kukopa, nao uko huko huko. Wanaousimamia mashinani ni maofisa wa maendeleo ya jamii, CDO kama kila mtu anavyowaita, kuanzia gombolola hadi makao makuu ya wilaya.

Upande wa pili ni ufundi stadi, na huu ndio ulio chini ya Wizara ya Elimu: vyuo vya ufundi, wakufunzi wake, na upimaji wa mafundi waliojifunzia kazi gereji au jua kali. Upande wa tatu ni mafunzo kazini, yaani benki, hospitali, mashirika, polisi, magereza, na watumishi wa serikali ambao wana chuo chao Jinja. Huku hakuna anayekuita mwalimu wa watu wazima. Unaitwa ofisa mafunzo, na bosi wako ni mkuu wa rasilimali watu.

Mtu akishajua yuko upande gani, uchaguzi unapungua sana. Asipojua, ataishia na cheti kizuri ambacho mwajiri anakitazama na kuuliza, "Hii ni shahada ya nini hasa?"

Makerere: kwa anayelenga jamii

Kwa upande wa kwanza, mlango mkuu ni Makerere. Idara ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii iko katika Chuo cha Elimu na Masomo ya Nje, na uzamili wake unajulikana kwa kifupi MACE. Mizizi yake ni ya zamani: idara ya masomo ya nje ya Makerere ilianzishwa mwaka 1953, wakati wakufunzi wakitumwa mikoani kuwafundisha makarani, walimu na wakulima ambao hawakuwa na nafasi ya kuja kilimani. Mwaka 1991 zikaanza digrii za masafa kwa watu walioko kazini. Kwa hiyo ukienda pale hujiungi na jaribio jipya. Unajiunga na watu ambao wamekuwa wakibishana kuhusu kazi hii kwa miongo kadhaa.

Mabishano hayo yana maana kwa Uganda kuliko mtu anavyodhani. Mbinu ya kisomo ya REFLECT, ambayo leo imeenea dunia nzima, ilifanyiwa majaribio kati ya 1993 na 1995 katika sehemu tatu: Bangladesh, El Salvador na wilaya yetu ya Bundibugyo. Badala ya kitabu cha irabu, wanakijiji walianza kwa kuchora ramani ya kijiji chao ardhini, kwa vijiti na mbegu, kisha maneno ya kusoma yakatoka ndani ya ramani ile. Ukimsoma darasani Makerere Paulo Freire, Mbrazili ambaye mbinu hii imejengwa juu ya fikra zake, mfano wa karibu hauko Brazili. Uko ng'ambo ya Rwenzori.

Tofauti kati ya kuwa mwezeshaji na kuwa mtu wa uzamili inaonekana vizuri ukikaa kwenye darasa lenyewe. Tuseme ni kikundi cha kina mama Busia, upande wa Uganda, chini ya mwembe, siku ya kuweka akiba. Katikati kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili asiwepo anayeweza kulifungua peke yake. Kila mama ananunua hisa zake, na kila hisa inapigwa mhuri kwenye kijitabu. Mwezeshaji mwenye akili hakimbilii ubao. Anangoja mihuri ipigwe, kisha anauliza, "Mama, mihuri yako ni mingapi? Na hisa moja tulisema ni shilingi ngapi?" Hapo kuzidisha kumeanza, na hakuna aliyeambiwa kwamba hili ni somo la hesabu. Mama ambaye mwezi uliopita alimkabidhi katibu kijitabu bila kukitazama, leo anahesabu mihuri kwa kidole na kusema imepungua mmoja.

Mwezeshaji yule anaweza kuwa hana hata diploma, na kazi anaifanya vizuri. Maswali ya mtu wa uzamili ni mengine. Yule mwezeshaji alifunzwa na nani, na anapata posho gani au anajitolea tu? Kwa nini wanaume hawaji? Kikundi kikigawana akiba mwisho wa mwaka, kisomo kinaendelea au kinakufa? Tutapimaje kwamba wamejifunza bila kuwatisha kwa mtihani? Tena, ubao uandikwe kwa lugha gani, wakati hapo wamekaa Wasamia, Waganda wa Buganda na mama mmoja aliyeolewa kutoka Bungoma, Kenya? MACE inamwandaa mtu wa maswali hayo: kupanga programu, kuitathmini, kuandika ripoti ambayo mfadhili ataisoma na mkuu wa wilaya ataielewa.

Faida ya pili ni ngazi ya kupanda. CDO wa gombolola huajiriwa kwa digrii ya kwanza. Akitaka kukaa kwenye kiti cha mkuu wa idara ya maendeleo ya jamii wilayani, tangazo la Tume ya Utumishi ya Wilaya huomba uzamili katika fani inayohusika. Soma tangazo lenyewe kabla ya kulipa ada, neno kwa neno. Mengine hutaja fani kwa majina: sosholojia, maendeleo ya jamii, kazi ya jamii. Elimu ya watu wazima na jamii hukubalika pale penye maneno "au fani inayolingana", lakini jiandae kuieleza. Matangazo ya ngazi za utawala pia huomba cheti cha sheria kwa maofisa tawala kutoka Law Development Centre, na kuna watu wenye uzamili mkononi walioachwa kwenye orodha kwa kukosa kile cheti kifupi.

Ambacho MACE haikupi ni ruhusa ya kufundisha sekondari. Hilo linawachanganya wengi kwa sababu jina lina neno elimu ndani yake. Mwenye digrii isiyo ya ualimu anayetaka kusajiliwa kama mwalimu wa shule anahitaji diploma ya uzamili ya ualimu, na hiyo ni njia nyingine kabisa.

Kyambogo: kwa fundi anayefundisha mafundi

Chuo Kikuu cha Kyambogo kilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu zilizokuwa jirani pale kilimani: chuo cha ufundi, chuo cha ualimu na taasisi ya elimu maalumu. Urithi huo bado unaonekana. Uzamili wake wa ualimu wa ufundi, Master of Vocational Pedagogy, ulijengwa kwa ushirikiano na chuo cha Norwe ambacho sasa kinaitwa OsloMet, na msingi wake ni utafiti vitendo: mwanafunzi hatafuti tatizo la kuandikia vitabuni, analichukua karakana anakofanyia kazi, anajaribu kulitatua pamoja na wenzake na wanafunzi wake, anaandika kilichotokea, anajaribu tena.

Kwa nani? Kwa mkufunzi wa umeme au ushonaji katika chuo cha ufundi. Kwa mkufunzi wa wauguzi anayejua kuchoma sindano lakini hajawahi kufundishwa namna ya kumfundisha mwingine. Kwa mtu anayewapima mafundi wa mitaani.

Hao wa mwisho wanastahili maelezo zaidi, kwa sababu hapo ndipo elimu ya watu wazima na ufundi zinapokutana hasa. Kuna hati inayoitwa Worker's PAS, iliyoanzishwa na Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, inayotambua ujuzi ambao mtu ameupata kwa mikono bila kupita darasani. Mfikirie fundi wa Katwe, Kampala, ambaye amefungua injini tangu utotoni. Kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Ukimpa karatasi ya maswali atajaa jasho. Ukimpa kabureta atakueleza ugonjwa wake kabla hujamaliza kuuliza. Anayempima lazima ajue mambo mawili kwa pamoja: ufundi wenyewe, na namna ya kumfanya mtu mzima aonyeshe anachokijua bila kuaibishwa na asichokijua. Msomi wa nadharia peke yake atashindwa na la kwanza. Fundi hodari asiye na mafunzo ya ualimu atashindwa na la pili, na mara nyingi atamfokea.

Ukiwa huna fani ya ufundi, Kyambogo kwa kozi hii si mahali pako. Utakaa na watu wanaozungumza kuhusu karakana zao kila siku, nawe huna karakana ya kurudi.

Zikiwekwa ubavu kwa ubavu

Kwa upande wa muda, kozi zote mbili zimepangwa kwa miaka miwili, na zote huchukua zaidi kwa wengi. Kwa kuingia, tarajia digrii ya kwanza yenye daraja linaloridhisha. Kyambogo wataitazama pia kazi yako ya ufundi. Tofauti kubwa iko kwenye utafiti. Makerere kwa jumla ina njia mbili za uzamili: mpango A, wenye masomo na tasnifu kamili, na mpango B, wenye masomo na ripoti ya mradi. Si kila programu hutoa zote mbili, na ukiwa na ndoto ya uzamivu baadaye, usikubali kusukumwa kwenye B kwa sababu tu ni nyepesi. Kyambogo utafiti wako umefungwa na mahali pa kazi. Hilo ni zuri kama mwajiri wako anakuunga mkono. Ni balaa kama mkuu wa chuo unachofundisha hataki mtu wa kuandika yanayotokea karakana.

Kwa mtandao wa watu, Makerere itakukutanisha na maofisa wa wilaya, wafanyakazi wa mashirika, wakati mwingine masista na mapadri wanaoendesha miradi ya parokia. Kyambogo itakukutanisha na wakuu wa vyuo vya ufundi na maofisa wa wizara. Miaka kumi baadaye namba hizo za simu zitakufaa kuliko nadharia nyingi ulizozikariri.

Kama wewe ni CDO, sioni sababu ya kwenda Kyambogo. Kama ni mkufunzi wa ufundi, sioni sababu ya kwenda Makerere, isipokuwa umechoka na karakana na unataka kuhamia kazi za jamii. Anayebaki njia panda kweli ni mfanyakazi wa shirika linalofundisha vijana wa makambi ya wakimbizi ushonaji na useremala, kwa sababu kazi yake ina pande zote mbili. Kwake ningesema aangalie nani anafundisha kozi. Kama ni yeye mwenyewe anayesimama mbele ya cherehani, Kyambogo. Kama yeye anaajiri wanaofundisha na kuandika maombi ya fedha, Makerere.

Na hapo kwenye makambi Kiswahili chako kina thamani. Uganda ina zaidi ya wakimbizi milioni 1.5, na Wakongo waliojaa Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali wengi wao wanazungumza Kiswahili. Katiba yetu iliitambua lugha hii kama lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua isambazwe zaidi mashuleni. Vyuo vyetu bado vitakutaka uandike tasnifu kwa Kiingereza. Lakini mtafiti anayeweza kumhoji mama wa Nakivale bila mkalimani anapata majibu ambayo mwingine hayapati, na anaokoa pesa ya mkalimani.

UMI: kwa ofisa mafunzo

Hapa sitakaa sana. Uganda Management Institute, iliyoanza mwaka 1969 kama taasisi ya utawala wa umma, iko Barabara ya Jinja na ina matawi Gulu, Mbarara na Mbale. Haina shahada yenye jina la elimu ya watu wazima. Inazo diploma za uzamili za usimamizi wa rasilimali watu, usimamizi wa miradi, ufuatiliaji na tathmini, na uzamili wa menejimenti. Madarasa ya jioni na wikendi yamepangwa kwa watu walioko ofisini.

Kwa anayetaka kuwa mkuu wa mafunzo benki au halmashauri ya mji, diploma ya UMI ya mwaka mmoja itamfungulia mlango haraka kuliko MACE, kwa sababu mwajiri anaielewa. Atakachokosa ni elimu ya namna watu wazima wanavyojifunza. Na inaonekana: semina nyingi za ofisini Kampala ni mtu mmoja anasoma slaidi, wengine wanangoja chai ya saa nne. Ukienda UMI, hiyo sehemu ijaze mwenyewe. Taasisi ya UNESCO ya Elimu ya Maisha Yote iliyoko Hamburg ina machapisho ya bure mtandaoni, na shirika la Kijerumani la DVV International, ambalo lina kazi hapa Uganda, linatumia mtaala wa kuwafunza wakufunzi unaoitwa Curriculum globALE. Unasomeka hata na aliye na simu tu.

Kusoma nje ukiwa nyumbani

Njia mbili za masafa ndizo ninazoona zinafaa kutajwa. Ya kwanza ni uzamili wa Adult Learning and Global Change, ulioanza mwaka 2001 kwa ushirikiano wa vyuo vya mabara tofauti, kikiwemo Linköping cha Uswidi na University of the Western Cape cha Afrika Kusini. Unafundishwa mtandaoni, na darasa lako linaweza kuwa na muuguzi wa Kanada, mkufunzi wa kiwanda Uswidi na mwalimu wa Cape Town. Angalia mlango unaoingilia. Uswidi ilianza kuwatoza ada wanafunzi wasiotoka Ulaya mwaka 2011, na ada hiyo si ya mfuko wa mwalimu wa Tororo. Mlango wa Afrika Kusini una bei nyingine.

Ya pili ni UNISA ya Afrika Kusini, chuo kikuu cha masafa kikongwe kuliko vyote Afrika. Uzamili wake wa elimu ya watu wazima ni wa utafiti: hakuna vipindi vya kuhudhuria, ni wewe, msimamizi na tasnifu. Mtu mwenye nidhamu, aliyewahi kuandika ripoti ndefu na anayejua anachotaka kutafiti, anaweza kuimaliza bila kuomba likizo hata siku moja. Mtu anayehitaji kusukumwa na wenzake atapotea humo, na hakuna atakayemtafuta.

Zote mbili zinakuondolea safari. Kwa mtu wa Busia hilo si dogo. Kampala iko karibu kilomita 200, na anayesoma wikendi anaondoka Ijumaa jioni, anakutana na malori ya Mabira, anafika usiku, anarudi Jumapili, Jumatatu saa mbili yuko ofisini akisinzia mbele ya wakulima. Kwa upande mwingine, intaneti ya kusomea si ile ya kutumia WhatsApp. Hesabu bando la miaka miwili na uliandike kwenye bajeti, pamoja na siku umeme unapokatika wakati darasa liko hewani.

Udhamini wa Ulaya

Uzamili wa Adult Education for Social Change unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Glasgow, pamoja na Malta, Tallinn na Chuo Kikuu Huria cha Cyprus. Ni wa miaka miwili na mwanafunzi huhama nchi hadi nchi. Uko ndani ya mpango wa Erasmus Mundus, ambao wanaochaguliwa hawalipi ada na hupewa posho ya euro 1,400 kwa mwezi kwa muda wa masomo. Kwa pesa pekee, hakuna kinachoukaribia hapa kwetu.

Ushindani ni wa dunia nzima, na wanaoshinda si lazima wawe na alama za juu kuliko wote. Barua ya maombi inayosema "napenda kuisaidia jamii yangu" wameisoma mara elfu. Inayoeleza jinsi kikundi fulani kilivyogawana akiba na kisomo kikafa, na kwa nini, hiyo inasimama. Mfanyakazi wa mashinani ana mtaji huo, asijidharau.

Kasoro yake kwa mtu wa serikali ni likizo. Omba ruhusa ya masomo kwa maandishi na uipate kwa maandishi kabla ya kupanda ndege. Mdomo wa bosi si barua. Ukirudi, pitisha cheti chako Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, kikalinganishwe na vya hapa. Hilo linawahusu wa UNISA na wa mtandaoni pia.

Na Dar es Salaam?

Wasemaji wa Kiswahili huuliza kila mara, na wana haki. Tanzania ndiyo jirani aliyeifanya elimu ya watu wazima kuwa siasa ya taifa: Nyerere, ambaye mwenyewe alisomea ualimu Makerere, aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar ilianza mwaka 1960 kama tawi la masomo ya nje la Makerere, ikapata sheria yake mwaka 1975. Kwa hiyo ukienda huko unamtembelea ndugu.

Lakini usiende kwa kudhani utasoma uzamili kwa Kiswahili. Vyuo vikuu vya Tanzania hufundisha kwa Kiingereza, ukiondoa wanaosoma Kiswahili chenyewe. Ninachokiona cha thamani Dar ni vitabu vya kisomo, vya kilimo na vya afya vilivyoandikwa kwa Kiswahili rahisi, ambavyo huku kwetu havipo. Mwanafunzi wa Makerere anayetafiti wakimbizi wa Kikongo angefaidika na wiki mbili za maktaba pale kuliko miaka miwili ya darasa.

Pesa, tasnifu na ithibati

Ada inayotangazwa si gharama. Juu yake weka ada za huduma za kila mwaka, nauli, chumba, kupiga chapa na kujalidi tasnifu, na utafiti wenyewe. Utafiti unaohoji watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili, na usajili Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Vyote vinalipiwa na vinakula miezi. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi, ile ya HESFB, imelenga digrii ya kwanza na diploma, usiiwekee matumaini.

Wengi hawakwami kwenye masomo. Hukwama baada ya masomo kuisha, wanapobaki na tasnifu na msimamizi aliyezidiwa na wanafunzi. Kabla ya kuchagua chuo tafuta waliotangulia, uwaulize msimamizi wao alichukua muda gani kurudisha sura moja. Swali hilo moja litakueleza mengi ambayo tovuti ya chuo haitakueleza.

Angalia pia ithibati. Mwezi Mei 2023 lilizuka zogo nchi nzima ilipoonekana kwamba programu nyingi za vyuo vikuu zilikuwa zimepitisha muda wake wa kutathminiwa upya na NCHE. Orodha ya programu iko kwenye tovuti ya baraza. Tafuta jina la kozi yako, si jina la chuo tu, na uhifadhi picha ya ukurasa huo siku unayojisajili.

Kuhusu ratiba, anza na ya mbali. Maombi ya Erasmus Mundus hufunguliwa kwa kawaida kati ya Oktoba na Januari, na majibu hutoka miezi michache baadaye. Mwaka wa masomo wa Makerere huanza Agosti, na matangazo ya uzamili hutoka nusu ya kwanza ya mwaka. Kwa hiyo aliyeomba Glasgow mwezi wa kumi na mbili akakosa, bado anakuta fomu za Makerere na Kyambogo ziko wazi, na ile barua aliyoiandikia Ulaya inahitaji kurekebishwa kidogo tu ili iwe wazo lake la utafiti.